Kichuguu cha Shimo la Nne

Marehemu mume wangu, Stanislaus, aliniachia kichuguu kimoja. Kwetu Heru Juu kichuguu kina mwenyewe kama shamba, na siku ya kumaliza matanga ukoo wake ulinitamkia kwamba ni changu. Mvua za kwanza zikinyesha nakifunika kwa majani ya migomba, kumbikumbi wananasa, na wanangu wanapata kitoweo mpaka maharage yakomae.

Wazungu walikuwa wametengeneza uwanja wa gofu kukizunguka. Walipoondoka, uwanja ukabaki kwa wakubwa wa ofisini Kasulu. Mimi nikapewa kazi ya kusawazisha kwa gunia ule mchanga uliomwagiwa oili chafu, unaozunguka mashimo ya mpira. Kichuguu changu kiko hatua kumi tu mbele ya shimo la nne, nao wanakisifu utadhani kanisa.

Mwaka 1973 walikuja wageni wa Kibondo kushindana. Asubuhi katibu wa uwanja, Bazilio, aliniita.

"Mama Reverien, mwaka huu usikiguse. Nakizungushia seng'enge. Ndicho kinachotupa jina."

"Ni changu, Ndugu Katibu."

"Una hati?"

Nilisali Salamu Maria moja, nikaendelea kuburuta gunia.

Mchana Athuman, mwenye duka Kibondo, alipiga mpira ulionyooka kabisa. Ukagonga kichuguu, ukaruka miibani. Bazilio akapiga wa kwake upogo, ukagonga ubavu wa kichuguu, ukateremka hadi kwenye bendera ya shimo. Watu wake wakashangilia.

"Huu mchezo au kamari?" Athuman akafoka. "Upuuzi mtupu!"

"Huo ndio utamu wa shimo hili. Nyie Kibondo mnapiga mipira kwenye mashamba ya mihogo, mtajua nini?"

"Tuna macho! Muulize mama huyu, yuko hapa kila siku."

Wakanigeukia wote. Nikikisifu, seng'enge inakuja. Nikikiponda, yanakuja majembe. Na kusema uongo siwezi, jana yake tu nilikuwa nimekomunika.

"Miaka sita natazama," nikasema. "Anayepiga vizuri anaumia, anayepiga ovyo anabebwa. Shimo hili halistahili sifa hata chembe."

"Mmesikia?" Athuman akaruka. "Kivunjwe!"

"Kivunjwe nini? Nimesema shimo. Kichuguu kilikuwepo kabla yenu, wala hakikuomba kuchezewa. Hamisheni bendera yenu."

Bazilio alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Lete gunia hilo. Kazi huna."

Nililitupa miguuni pake, oili ikarukia suruali yake nyeupe. Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Bila kuhamisha bendera hatuchezi," Athuman akasema, na wageni wote wakaketi chini.

Bazilio akaing'oa mwenyewe, akahesabu hatua huku akinitukana Kiha chinichini, akidhani wageni hawamsikii. Mimi nikasimama kando ya kichuguu changu, sikubanduka mpaka alipomaliza kuchimba shimo jipya huko mbali.