Jina la Kusomea

Manase hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu, na haraka yake aliiita maendeleo, kama walivyofanya watu wengi mwaka ule wa sabini na moja. Barua ya kumhamisha kutoka ghala la ushirika la kijijini kwao, upande wa Mungaa, kwenda Singida mjini ilifika Jumatatu. Jumatano alikuwa ameshafunga vitanda kwa kamba. Lililobaki lilikuwa moja: watoto wasome wapi.

Lazaro wa darasa la pili hakuwa na shida, angepokelewa popote. Kazi ilikuwa kwa Raheli. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la saba, na mtihani wa kwenda sekondari ulikuwa unamngoja mwezi wa kumi.

"Mwache hapa kwangu amalizie," alisema mama yake Manase, ambaye naye aliitwa Raheli. Mjukuu alipewa jina lake, na wawili hao hawakuitana bibi na mjukuu, waliitana wajina. "Miezi minane ni nini? Tena mimi mzee. Wajina ndiye atakayenitupia udongo wa kwanza, nimeshamwambia."

"Mama, wewe utatuzika sisi wote," Manase alisema, akacheka. Hakumwambia lililokuwa moyoni mwake, kwamba kwa miaka mitatu mfululizo hakuna mtoto hata mmoja wa kijiji kile aliyechaguliwa kwenda sekondari.

Mjini alikwenda shule mbili. Kwenye ya kwanza walimwambia darasa la saba limejaa, la sita limejaa, Raheli akitaka aanze tena la tano. Kwenye ya pili mwalimu mkuu aliinuka na kufunga mlango wa ofisi.

"Majina ya watahiniwa yameshakwenda mkoani, siwezi kuongeza," alisema. "Ila nina msichana mmoja, Johari Amri. Baba yake kamwoza Kondoa mwezi uliopita. Mwenyewe kaondoka, jina limebaki. Mwanao akilichukua jina hilo, atafanya mtihani."

"Na akifaulu?"

"Akifaulu, basi ndilo jina lake la shule mpaka amalize."

Marietha, mke wa Manase, alikuwa akipepeta uwele aliposimuliwa. Aliweka ungo chini.

"Arudie la tano," alisema. "Miaka miwili itapita. Huyo Amri hakumzaa, na mtoto hatuna wa kugawa."

"Miaka miwili! Atakuwa na kumi na sita, wachumba watakuwa wanapiga hodi mlangoni. Jina la shule ni kama sare, mama Lazaro. Jioni anavua."

"Basi kamwambie mama yako hivyo hivyo."

"Mama hana haja ya kusumbuliwa na mambo ya ofisini."

Walipomwita Raheli, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Aliuliza jambo moja tu, kama bibi atajua. Alipoambiwa hapana, akasema, "Nitaitika, baba."

Akaitika kweli. Mwezi wa kumi alifanya mtihani, na majina ya waliochaguliwa yaliposomwa mbele ya shule, Johari Amri lilikuwa la tatu. Wazazi wengine walipigiwa vigelegele. Manase alisimama nyuma ya watu kofia mkononi, akasikia jina la Amri likitajwa kwa sifa, na lake halikutajwa. Alifurahi, lakini aliondoka kabla ya wengine.

Raheli akaenda bweni, shule ya wasichana huko Dodoma. Kijijini bibi alitamba mpaka akawachosha wanawake wa kanisani. "Raheli wangu yuko sekondari," aliwaambia hata waliokuwapo alipolisema jana. Manase naye alikuwa karani, mtu wa kuandika. Kila bahasha aliyoituma kule bweni aliandika Johari Amri kwa mwandiko mzuri, na karibu mwaka mzima hakukosea hata moja.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi, mzee Antipasi, jirani yao wa kijijini, alifika na baiskeli yake, miguu yote vumbi. Hakukubali kukaa.

"Mama yako ametutoka alfajiri," alisema. "Jana usiku alikuwa anamtaja wajina wake."

Manase hakulia. Alitoka mbio kwenda Posta, akaomba karatasi ya simu ya maandishi, akaijaza amesimama: Raheli Manase. Bibi amefariki. Njoo upesi. Baba. Akalipa, akaenda kutafuta gari la kwenda kijijini.

Kaburi lilichimbwa siku ile ile. Manase akakataa mama yake azikwe, akasema wajina yuko njiani, donge la kwanza ni lake. Wakangoja. Kila lori lililotimua vumbi barabarani lilimwinua kwenye kigoda, na kila lilipopita alirudi kuketi bila kumtazama mtu. Siku ya pili, jua likiwa limekolea, mchungaji alimshika bega.

"Manase mwanangu, tumengoja vya kutosha. Mwili hautungoji."

Wakazika. Donge la kwanza alilitupa Manase mwenyewe, na moyoni alimkasirikia binti yake. Elimu imeshamharibu, alijisemea, hata bibi yake hamjali tena.

Hasira hiyo alirudi nayo mjini, akapita nayo Posta. Karani alimpa karatasi ya majibu. Shule ilikuwa imejibu kwamba haina mwanafunzi anayeitwa Raheli Manase.

"Labda umekosea shule, mzee," karani alisema kwa upole.

"Shule sikukosea," Manase alijibu. Ndipo alipolia, pale pale mbele ya watu waliopanga foleni ya stempu.

Marietha alisema barua isiandikwe. Zilibaki wiki tano kufika likizo, na habari kama ile mtoto hapewi kwenye bahasha akiwa peke yake. Kwa hiyo Raheli alishuka basi mwezi wa kumi na mbili akiwa anatabasamu, amerefuka, na kabla hajavua viatu alitoa kitambaa cha kichwa kwenye sanduku lake. Alikishona mwenyewe, na pembeni alikuwa ametarizi kwa uzi mwekundu: RAHELI.

"Cha bibi," alisema. "Mwalimu alituambia tuandike jina la tunayempelekea. Nimeliandika, na hakuna aliyeniuliza. Kesho nimpelekee?"

Raheli alimtazama mama yake, akamtazama Lazaro, na kwenye uso wa Lazaro akaisoma habari. Akakaa chini sakafuni.

"Lini?"

"Mwezi uliopita," alisema Marietha.

"Na donge?" Sauti ilikuwa imeanza kukatika. "Aliniambia mimi. Baba, kwa nini hukuniita?"

Manase alipiga magoti mbele yake, mtu mzima yule, akakishika kile kitambaa kwa mikono miwili.

"Nilikuita, mwanangu," alisema. "Nilikuita kwa jina lako."