Namba Ambazo Sikuzirudia

Siku ile ilinichosha mpaka nikachukia hata jina langu. Tangu alfajiri droni zilivuma juu ya handaki letu kama nyuki waliochokozwa, nami, mtu wa redio wa kikosi cha mizinga, nilikuwa nikipokea namba za shabaha. Saa nane mchana Sajini Mwasaru, mwangalizi wetu kilimani, aliniomba ningoje abadilishe betri ya kifaa chake cha kupimia mahali adui alipo. Kisha akanisomea namba. Desturi yetu ni kumrudishia msomaji namba mojamoja mpaka aseme ndiyo. Sikurudia, nilitaka yaishe. Nikaziandika, nikapeleka karatasi kwa wapiga mizinga, wakasema watapiga saa tisa. Nikaegemea magunia ya mchanga, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi tambarare isiyo na ndege wala kivuli. Kiburi ameketi juu ya kifaru akipangusa medali zake, na Haraka, yuleyule ambaye tangu utotoni tuliambiwa hana baraka, anakimbia bila viatu, karatasi yangu mkononi. Alinisifu kwa wepesi wangu, nikafurahi kama mjinga. Pembeni alisimama mama mwembamba, macho hayatulii. Akasema anaitwa Hofu. Loo, miaka yote jeshini nimemkana huyu mama mbele za watu! Nikamwambia anipishe, mimi si mwoga. Hakukasirika. Alinishika mkono akanipandisha kilimani, nikamwona Mwasaru, aliyenifundisha kazi hii, akimegeana mkate mkavu na wenzake wawili. Kule bondeni midomo ya mizinga yetu ilikuwa ikigeuka taratibu, ikituelekea.

"Mama, mbona wanatulenga sisi?"

"Mwanangu, kifaa kile kikitiwa betri mpya, husoma wapi kwanza?"

Kila kuruta analijua jibu: husoma pale kilipo chenyewe. Nikazinduka.

Saa tisa kasoro dakika tatu. Nikaishika redio, nikawaomba wapiga mizinga wasubiri, kisha nikamwita Mwasaru na kumrudishia namba mojamoja.

"Ndugu yangu," akasema, "hapo ndipo nilipokaa."

Nililia, sikuona haya. Siku hizi kikosi kizima kinaniita Mwoga, kwa kuwa narudia namba mara mbilimbili. Nami naitika.