Kifaranga wa Pili Mwenye Shungi

Walisikika kabla hawajaonekana. Mlio mwembamba usiokatika ulitoka nyuma ya magunia na televisheni zilizofungwa kwa mablanketi, na watu waliopanga foleni kwenye ofisi ya vifurushi wakawa wanageuza shingo kutafuta unatoka wapi.

"Ni wako hao?" karani alimuuliza Waya. "Tangu nifungue mlango wananiimbia. Hata simu nashindwa kupokea."

"Ni wa dada yangu."

"Basi mwambie dada yako awahi kuwaomba radhi majirani."

Waya hakucheka. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya kazi yake ya umeme, ila waliomjua walisema lilimfaa hata kwa tabia: ukimgusa pabaya, anakurusha. Asubuhi hiyo alikuwa amebeba agizo la mama yake, na agizo lenyewe lilikuwa limemkaa vibaya kama mfupa kooni.

Karani alileta boksi lenye matundu ubavuni, akalikata kamba pale pale kaunta. Ndio ulikuwa utaratibu wao: mzigo wenye uhai hufunguliwa mbele ya aliyeufuata, ili lawama zisije baadaye. Ndani, juu ya nyasi kavu, vifaranga walikuwa wamebanana. Wengine walikuwa na manyoya mpaka kwenye vidole vya miguu, utadhani wamevaa suruali zilizowapita urefu. Wengine walikuwa weupe, laini kama pamba iliyochambuliwa. Kwenye kona alisimama mweusi mwenye kishungi cheupe kichwani, akilia kuliko wote. Pembeni yake alilala mwingine wa aina yake, shingo imenyooka, hatikisiki.

"Huyu ameshakwenda," karani alisema, safari hii bila utani. "Pole. Kwa safari yao, mmoja si vibaya. Mpelekee dada yako hivyo hivyo, ajionee."

"Hatamwona huyu."

"Mzigo si wake?"

"Ndugu yangu, wewe kazi yako si imeishia hapa?"

Karani aliinua mikono kama mtu anayejisalimisha. Waya akamzungushia kifaranga yule kitambaa anachofutia mikono, akamtia kwenye mkoba wa kazi, kati ya koleo na bisibisi. Kisha akalifunga boksi na kuondoka nalo kwa miguu, akilikumbatia lisitikisike.

Miezi michache iliyopita dada yake alikwenda hospitali na tumbo kubwa, akarudi mikono mitupu. Mtoto, wa kike, alizaliwa hana pumzi. Muuguzi aliuliza kama mzazi, akizinduka, angependa kumwona mtoto, na Mama, aliyekuwa pembeni ya kitanda, akajibu kwa niaba ya binti yake aliyelala kwa dawa: asimwone, akimwona hatamsahau. Waya na mjomba wake ndio waliokwenda kuzika. Shemeji, dereva wa malori, alifika siku zimepita, na hata yeye hakuambiwa mengi. Tangu hapo nyumbani hakuna aliyelitaja jambo lile. Nguo ndogo zilizokuwa kabatini zilitoweka bila mtu kusema nani kazitoa.

Dada yake alirudi kwenye saluni yake akawa anasuka kimya. Wateja waliozoea kuja kusukwa na kusikia habari za mtaa wakawa wanaondoka na nywele tu. Halafu siku moja, akiangalia simu, akakutana na picha za kuku wa mapambo, kuku wenye nywele kichwani kama watu waliotoka kitandani wakasahau kuchana. Akacheka. Mama alikuwa jikoni, akasimama na mwiko mkononi mpaka mboga ikashika chini.

Kwa hiyo alipotaka kuagiza vifaranga hakuna aliyempinga, ingawa Mama alijaribu kidogo. "Si ununue wa mayai tu? Hawa wa mashungi watakusaidia nini?"

"Watanisaidia kuwaangalia."

Ndipo asubuhi ile Mama akamvuta Waya nje ya mlango. "Vifaranga hufa ovyo. Akifa hata mmoja, dada yako asimwone. Unanisikia, baba? Nimeshamwona anacheka. Sitaki turudi kule tulikotoka."

Saluni ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, na kioo kirefu, viti viwili, na karai la kuoshea nywele. Kwenye kona ya nyuma dada yake alikuwa ameandaa boksi kubwa la kadibodi, ametandika magazeti na maranda ya mbao, na kuweka kisahani cha maji chenye kokoto ndani ili wasizame. Kilichokosekana ni taa ya joto. Waya aliahidi kuifunga jana yake, akaitwa kwenye kazi nyingine. Leo, badala ya kusema amesahau, alilivuta draya la kukaushia nywele, lile la kofia kubwa, akaliinamisha juu ya boksi na kuliwasha.

"Joto ni joto," alisema.

Mteja aliyekuwa kitini, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama, akawachungulia kwenye kioo. "Mimi nimekuja tangu asubuhi, kuku ndio wanaanza kukaushwa? Na hivyo vishungi, mpaka wamenizidi ujazo."

Lakini vifaranga walilia. Walikimbilia kona moja, wakapandana, na kelele zao zikawa za kukata sikio. Dada yake, msusi mwenyewe, akaingiza mkono chini ya kofia ya draya, akaona manyoya yao yanavyopeperuka.

"Zima, Waya. Huu ni upepo. Una moto, lakini ni upepo. Mteja akikaa hapa nywele zinakauka. Hawa unawakausha wenyewe."

"Nimeweka kidogo kabisa."

"Zima."

Masikio ya Waya yalipata moto kuliko draya. Hakupenda kukosolewa katika mambo ya umeme, tena mbele ya mteja. Hata hivyo alizima, akapanda kiti, akaifungua balbu iliyokuwa juu ya kioo, akaivutia waya na kuining'iniza juu ya boksi. Msusi akamwelekeza: shusha, shusha tena, pandisha kidogo. Alipima kwa upande wa ndani wa kiganja, pale anapopimia maji kabla ya kumwagia mtu kichwani. Kidogo kidogo vifaranga wakaachana, wakatawanyika chini ya mwanga, na mlio ukageuka kuwa mnong'ono.

Kisha akaanza kuwanywesha. Alimtoa kifaranga mmoja mmoja, akauchovya mdomo wake kwenye maji yenye sukari, akasubiri mpaka ameinua kichwa na kumeza, ndipo akamrudisha. Kila mmoja alimgeuza, akamfuta nyuma kwa pamba pale palipoganda uchafu, akamwambia neno. Mwenye miguu ya manyoya alimwambia, "Wewe na hizo suruali, utafagia uwanja mzima." Mteja akacheka, msusi akacheka naye. Waya alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani, akitamani kuondoka na asiweze.

Alipomshika yule mweusi, alikaa naye muda mrefu. Halafu akaanza kupekua kati ya wengine.

"Mwenzake yuko wapi? Niliagiza wenye shungi wawili."

"Wametuma mmoja."

"Tulikubaliana wawili."

"Wafanyabiashara hao, dada. Utawaweza wapi?"

Hakubishana naye. Alifuta mikono, akachukua simu, na kabla Waya hajapata la kusema, sauti ya mwenye shamba aliyewatuma vifaranga ilikuwa imeshajaa chumbani.

"Ni wawili, dada yangu. Niliwapanga mwenyewe kwenye kona moja, kwa sababu wenye shungi ni waoga, mmoja akibaki peke yake hulia njia nzima. Angalia chini ya nyasi, wengine hujificha."

"Asante. Nitaangalia."

Alikata simu, ila nyasi hakuzigusa. Mteja alitazama kioo, akamtazama Waya ndani ya kioo hicho, akakumbuka kwamba ana kiu. "Ngoja nikanunue maji hapo dukani," alisema, akatoka na taulo shingoni na nusu ya kichwa imesimama wima.

"Yuko wapi?" msusi aliuliza.

"Dada…"

"Usiniite dada kwa sauti hiyo. Hiyo ndiyo sauti mliyonijia nayo siku ile, wote, kama mmeifanyia mazoezi."

"Ni kifaranga tu. Sikutaka uumie kwa ajili ya kifaranga."

"Na yule mwingine? Naye alikuwa kifaranga?"

Waya akateremsha mkoba, akautoa mzigo mdogo uliofungwa kwa kitambaa chenye alama za grisi, akauweka juu ya kaunta, kati ya vitana na vibanio.

Msusi aliufungua taratibu. Hakupiga kelele, wala hakuanguka, mambo ambayo Mama alikuwa akiyaogopa. Aliyalaza manyoya ya kishungi kwa ncha ya kidole, kama anavyotafuta njia kwenye kichwa cha mtu kabla ya kuanza msuko.

"Gusa hapa," alisema.

"Sitaki."

"Gusa, Waya."

Akagusa. Chini ya kishungi, juu kabisa ya fuvu, palikuwa na sehemu ndogo laini isiyofunga.

"Ana utosi," msusi alisema. Kidole kilibaki pale pale. "Alikuwa na nywele?"

Waya hakuuliza nani. Alikaa kwenye kiti cha mteja.

"Alikuwa nazo. Nyingi. Mjomba alikuwa anachimba, mimi nimempakata. Shuka lilifunguka kidogo upande wa kichwani, nikaona. Nyeusi sana, zimelalia upande mmoja. Na huku shingoni zilikuwa zimejikunja."

"Zimejikunja?"

"Kama zako."

"Mama aliniambia hakukuwa na cha kuona."

"Kilikuwapo."

Msusi alifunika mdomo kwa kiganja. Machozi yalimpita juu ya vidole, naye akaendelea kuuliza kupitia vidole hivyo hivyo. "Zingesukika?"

Waya alifikiria kwa makini, maana hakutaka kumpa jibu la uongo. "Mbili. Za pembeni. Ila angekusumbua sana."

Dada yake akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio, na ikamtoka muda mrefu. Nyuma yao yule mweusi aliyebaki peke yake alikuwa amekwisha kujipenyeza chini ya weupe, kishungi tu kikionekana.

Hivyo ndivyo Mama alivyowakuta, alipoingia na sufuria ya chakula cha mchana. Aliona kitambaa, akaona uso wa binti yake, akaiweka sufuria chini bila kuangalia anaiweka wapi.

"Waya, nilikwambia nini?"

"Ulisema asimwone. Amemwona, Mama. Na dada bado amesimama."

"Wewe kichwa chako tangu utotoni…"

"Mama," msusi alimkatiza, si kwa hasira. "Mlimzika wapi mwanangu?"

Mama akavua kanga begani, akaikunja, akaikunjua tena. "Mimi nilimwona," alisema. "Walinipa nimshike. Tangu siku ile usingizi wangu ni wa kuokoteza. Nikasema, angalau mmoja wetu alale."

"Nami sikulala, Mama. Nilikuwa namtengeneza kichwani. Kila siku nampa sura nyingine. Nimechoka kumbuni."

Mama alimsogelea, akamfuta uso kwa ile kanga, pole pole, kama anayemfuta mtoto aliyetoka kula. Kisha akaliinamia boksi, akakitazama kisahani cha maji. "Hawa si watahitaji mtu wa kukaa nao mkienda huko?" aliuliza. "Basi nitakaa mimi."

Waya akainuka kitini. Akamgeukia dada yake, na safari hii aliacha sauti yake iwe ile ile ya kila siku, kavu, ya mtu asiyependa kubishiwa.

"Kesho asubuhi usifungue saluni. Nitakupeleka mpaka mahali penyewe, na njia nzima nitakueleza yote niliyoyaona, hata yale utakayosahau kuniuliza."