Vibanio Kwenye Ukuta wa Ukumbi

Mjukuu wangu namwita Mke Mwenzangu, kwa sababu marehemu babu yake alimdekeza kuliko alivyonidekeza mimi. Ni mtafiti wa plastiki. Watu wakisikia hivyo wanacheka, wanadhani anaokota chupa. Yeye anaitengeneza plastiki yenyewe, katika maabara ya chuo, ndani ya sanduku la kioo lenye glovu ndefu zinazoingia kwa ndani, maana kichocheo anachotumia kikiguswa na hewa tu, kimekufa.

Mume wake yuko maabara hiyohiyo. Mimi nilimpa jina la Mpole, kwa kuwa hata chai anainywa kama anayeiomba ruhusa. Walijuana kwenye sanduku hilo, mmoja ameingiza mikono upande huu, mwingine upande ule, wanapokezana vichupa. Nilimpenda kijana yule, sifichi.

Mke Mwenzangu alijifungua kwa operesheni, kidonda kikachelewa kupona, wakahamia kwangu nimtazame yeye na kitukuu changu. Alikuwa amebakiza jambo moja apate udaktari wake, ule wa vitabu si wa sindano: alete kitu ambacho hakuna aliyekiona kabla yake. Kitu hicho alikipatia uani kwangu, ananyonyesha.

Nilikuwa naanika nepi. Akanitazama kwa muda, akasema, "Bibi, hebu niachie kipande cha kamba."

Akaniagiza nibane vibanio vitupu, masikio yote yaelekee ukutani. "Huo ni mnyororo wa plastiki," akasema. "Kila kibanio ni pingili, na kila pingili ina kijimkia. Mikia ikielekea upande mmoja, minyororo inalaliana vizuri, plastiki inakuwa ngumu. Sasa vuruga."

Nikavuruga, kimoja huku, kingine kule.

"Hiyo haiwezi kulaliana. Inakuwa laini kama chingamu."

"Wewe unataka ipi?"

"Zote mbili, kwenye kamba moja. Kipande kimenyooka, kipande kimevurugika, halafu kimenyooka tena. Ivutike isikatike, na isichanganywe na kitu kingine, ili ikichakaa iyeyushwe peke yake itumike upya."

Mpangaji wa pingili ndicho hicho kichocheo, kama mimi niliyesimama pale na vibanio vyangu. Shida yao ilikuwa kwamba kichocheo chao kilijua mpango mmoja tu. Mke Mwenzangu akawaza kukipa mkono uliolegea. Kwenye baridi mkono unatulia na pingili zinaingia kwa adabu. Ukipasha moto mkono unabembea, zinaingia hovyo. Unacheza na joto tu, na mnyororo unabadilika huku unakua.

Jioni Mpole akatukuta bado tuko kwenye kamba. Alikalia ndoo iliyopinduliwa akaanza maswali. Mkono huo utaufunga wapi? Ukibembea kupita kiasi je? Mkewe anamjibu, mtoto begani anamcheulia maziwa mgongoni wala hana habari.

"Bibi, ukiendelea hivi tutakushonea koti jeupe," Mpole akanitania.

"Mnishonee lenye mfuko, niweke ugoro wangu."

Ikawa ndiyo kazi yao. Mke anafikiri uani, mume anakwenda kujaribu kwenye sanduku, jioni analeta majibu wanapanga upya. Siku moja Mpole alinifuata jikoni, sauti ya chini. "Bibi, mwambie asikimbilie kurudi. Kidonda si mchezo. Kazi yake mimi naishikilia." Nikasema moyoni, huyu ndiye mume. Maneno yake nikayapeleka kwa mjukuu wangu, nikayatilia na chumvi yangu. Akaongeza likizo.

Plastiki ilipotoka, Mpole aliileta nyumbani kipande chembamba, kinang'aa. Tulikivuta mimi na Mke Mwenzangu, huyu huku, huyu kule, kikarefuka, tukakiachia, kikarudi kama hakikuguswa. Alilia mjukuu wangu. Mpole akamfuta machozi kwa mkono wa shati lake. Nilikuwepo, niliona.

Baadaye Mpole akaja na habari ya mkutano wa watafiti. "Bibi, na wewe uje. Kazi yetu inasomwa." Nikapiga pasi gauni langu la maua. Ukumbi wa chuo una viti vya kukunja vinavyolia ukijigeuza, tukakaa mbele, mimi, Mke Mwenzangu, na mtoto katikati amelala kwenye begi lake. Mpole akapanda jukwaani na tai. Picha ya kwanza aliyotupa ukutani ilikuwa vibanio vya nguo kwenye kamba. Vibanio vyangu! Kile cha bluu chenye sikio lililovunjika nilikijua palepale. Nikaanza kupiga makofi kabla ya watu wote.

Mke Mwenzangu akanishika kifundo cha mkono. "Bibi, acha."

"Kwani nini?"

"Soma pale chini."

Nikavaa miwani. Chini ya picha palikuwa na jina la Mpole peke yake. Nikangoja la pili litokee, nikidhani labda linakuja na picha inayofuata. Mpole akaeleza mkono unaolegea, kwa maneno ya uani kwangu, hata lile la pingili kuingia kwa adabu, na ukumbi ukacheka mahali palepale ambapo mimi nilicheka. Wakamuuliza maswali, akajibu yote. Angekosaje, wakati alifundishwa kila kitu? Mwisho akasema, "Namshukuru mke wangu kwa uvumilivu wake nyumbani."

 Nyumbani Mke Mwenzangu alimlaza mtoto, ndipo akamgeukia mumewe.

"Uvumilivu?"

"Sikiliza, mama. Kuna kundi lingine linafukuzia hiki kitu. Nani angengoja kidonda chako kipone? Majaribio nimefanya mimi. Na nikipanda mimi, si nyumba yetu imepanda?"

"Mimi nitaitetea shahada yangu kwa kitu gani? Nitapanda pale niwaambie nimevumilia?"

"Utapata wazo lingine. Wewe una akili."

Hilo ndilo lililomkalisha chini. Matusi angeyaweza. Mpole akanigeukia mimi. "Bibi, zungumza na mwenzako. Haya ni ya ndani."

"Ya ndani umeyatoa ukutani, na picha juu," nikamwambia. "Usinitume tena. Ulishanituma mara moja, nami nilikwenda mbio."

Mke Mwenzangu akapeleka malalamiko chuoni. Msimamizi wake, mama mmoja mkavu wa maneno, alimweleza ugumu ulipo. Miezi hiyo hakuingia maabara, na kila jaribio lilipita mikononi mwa mumewe. Chuo kilitaka mtu aliyekuwepo walipokuwa wakizungumza. Basi nikaitwa mimi, kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye beseni. Mpole alikaa upande wa pili, hakuniangalia.

"Bibi," mwenyekiti akauliza, "nani alikuwa anaeleza na nani alikuwa anauliza?"

"Aliyeeleza ni mjukuu wangu. Aliyeuliza ni mumewe."

"Una hakika? Mambo haya ni magumu."

"Plastiki siijui sana, baba. Sauti za watu wa nyumbani kwangu nazijua."

Mpole akainua uso. "Bibi, ina maana mimi sikutoa wazo hata moja?"

"Ulitoa. Ulisema barafu haitatosha, mtafute baridi kali zaidi. Hilo lilikuwa lako. Mengine yalikuwa ya mkeo, na wewe unajua."

Akainama. Nilimwonea huruma, halafu nikakasirika kwa sababu namwonea huruma.

Chuo kiliamua kazi ni ya Mke Mwenzangu. Mpole akaambiwa aifute aliyoisoma, na jina lake liandikwe kwa lile la baridi tu. Alihamia kwa kaka yake. Jumapili anakuja kumwona mtoto, nampa chai, anakunywa vilevile kama zamani, na mimi sijui nimtazame wapi.

Mke Mwenzangu alirudi maabara, na shahada ataipata, hilo halina shaka tena. Juzi alirudi amechangamka, anaimbaimba anavua viatu. Nikajua kuna kitu kimemkubalia. Nikasogeza kiti.

"Haya, mke mwenzangu, nipe habari. Mkono wenu unabembeaje siku hizi?"

Akafungua mdomo. Kisha akatazama dirisha, akatazama mlango, na nyumba nzima tulikuwa mimi na yeye na mtoto aliyelala.

"Kazi tu, bibi," akasema, akaenda kuoga.