Jiwe Lililohama

Mpima ardhi alitandaza karatasi zake mezani kwa karani mstaafu wa posta, akamweleza kwa adabu kwamba, kwa mujibu wa hati zao wenyewe, shule yao iko katikati ya mto.

"Ndiyo maana wanafunzi wetu huzama kila mtihani," akadakia mwenye duka, mdogo wa marehemu mume wa karani.

Karani hakucheka. Hati zile aliziandika baba yake, karani wa posta kabla yake, na mzee yule hakuwa mtu wa kubahatisha. Makazi yao hayakuwa na diwani wala ofisi, hivyo hati zilitunzwa kwake: nyumba arobaini na moja, shule, duka na njia panda tu. Adhuhuri mpima angeondoka. Makazi ambayo hati zake hazikubaliani na ardhi yangeachwa nje ya ramani mpya, na mahali pasipo kwenye ramani hapajengewi zahanati. Mwaka uliopita binti wa mwenye duka alijifungulia njiani, hospitali ikiwa bado kilomita thelathini mbele.

Karani akauliza vipimo vimeanzia wapi. Kwenye jiwe la kusagia, mpima akajibu, kama hati zinavyoagiza. Kila aliyemuuliza alimwonyesha lilipo, pale kizingitini mwa duka.

Karani akamtazama shemeji yake, naye akatazama viatu vyake. Kosa likawa wazi. Baada ya mafuriko makubwa, hati zikiwa zimekwisha kuandikwa, wazazi wao walihama bondeni wakapanda kilimani na milango yao, mabati yao, na jiwe hilo la kusagia, la kinu kilichoendeshwa na maji ya mto, likivutwa na ng'ombe kumi na wawili. Kuliacha kungekuwa sawa na kumwacha mgonjwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba vipimo havivutwi na ng'ombe.

"Mama, hiyo ni hadithi," mpima akasema. "Mimi naandika vipimo."

"Basi tupime, mwanangu."

Shule, kisima na makaburi havikuhama hata siku moja. Hati zilisema jiwe lilikuwa mita 410 kutoka kona ya shule, 260 kutoka kisimani, 530 kutoka lango la makaburi. Karani akamtaka mpima achore duara kwa kila kipimo. Mpima akachora, akachora upya kwa penseli kali zaidi. Miduara yote mitatu ilipita mahali pamoja, ukingoni mwa mto, kwenye kichaka ambacho hakuna aliyekijali.

Walishuka, mwenye duka akiwa na jembe begani, akiulalamikia mgongo wake njia nzima. Pigo la sita likagonga chuma. Chini ya mizizi palikuwa na sakafu ya mawe na vishikizo vinne vya kinu, vimeliwa na kutu lakini vimesimama. Mpima akapima mara mbili, maana naye alikuwa mtu wa kazi. Tofauti na hati ilikuwa chini ya mita mbili.

"Mzee wako alitumia kamba?"

"Kamba na subira."

Saa sita kasoro dakika kumi, jina la makazi likaingia kwenye ramani.

Mwenye duka alitaka kutafuta ng'ombe walirudishe jiwe bondeni siku hiyohiyo. Karani alikataa; lilikuwa limehamishwa mara moja, na hasara yake walikuwa wameiona. Alimwagiza kopo la rangi nyeupe kutoka rafuni, akainama kizingitini, na kwa mwandiko ulionyooka wa posta akaandika juu ya jiwe: USIPIMIE HAPA.