Sauti ya Silinda Tano

Miezi minane Mzee Bomba alipanda na kushuka ngazi za ofisi ya kituo cha afya, na miezi minane aliambiwa arudi wiki ijayo. Wakubwa wana kalenda yao. Wiki ijayo ya kwao haina Jumatatu. Hata siku walipomwita kweli, kamati ya malalamiko imekaa na kalamu ziko mezani, hakupewa kiti. Shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu mkewe, ndiye aliyevuta benchi kutoka ukutani kwa kishindo akalisukuma hadi nyuma ya magoti yake.

"Keti, shemeji. Wakisema benchi ni la wajumbe, waje walichukue na mimi juu yake."

Mzee Bomba aliketi. Jina hilo alipewa na wateja, maana kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kukunja na kuchomelea mabomba ya moshi ya magari. Shule aliiachia darasa la nne. Alisoma kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine, na ndivyo alivyolisoma jibu la kituo kwa malalamiko yake: Gari la wagonjwa halikutumwa kwa kuwa lilikuwa bovu, injini haiwaki tangu siku mbili kabla. Sentensi hiyo aliisoma hadi karatasi ikalegea mikunjoni. Ndiyo aliyotaka ifutwe. Pole zao alikuwa nazo za kutosha.

Siku ile mkewe alibanwa na kifua saa nne asubuhi. Simu ikapigwa kituoni, wakajibiwa: gari bovu, tafuteni usafiri. Usafiri uliokuwapo ni mkokoteni wa karakana, ule wa kubebea mabomba. Alimlaza humo juu ya godoro, akasukuma. Walipofika kwenye ukuta mrefu wa maghala, akalisikia upande wa pili likipanda mlima. Lilikuwa gari la wagonjwa. Mji mzima ni hilo tu lenye silinda tano. Akamwinamia mkewe, akamwambia, "Vumilia, mama watoto. Linakuja, nalisikia."

Mkewe akaachia tabasamu. Alimwamini, kwa sababu miaka yote ulikuwa mchezo wao: yeye anauliza kutoka jikoni, hilo gari gani, na mzee anajibu bila kuchungulia dirishani, na hakosei. Basi gari likafika njia panda, likabadili gia, likanyoosha juu kilimani, kulikokuwa kunajengwa nyumba ya Mganga Mkuu wa kituo. Sauti ikafifia. Ukuta wa maghala haukuwa umeisha mkewe alipokata roho.

Hapo ndipo penye donge lake. Kufa watu wanakufa. Lakini neno la mwisho alilomwambia mke wake, watu wenye tai walilifanya kuwa uongo, kisha wakaandika barua ya kuuthibitisha.

"Kwa hiyo, mzee wetu," alisema Mganga Mkuu, ambaye naye alikuwa ameketi mezani pamoja na kamati, kesi ya ngedere wamempelekea nyani, "hukuliona gari."

"Nililisikia."

"Hukuliona."

"Ukuta, bwana. Ungekuwa wa kioo ningeliona."

Shemeji akakohoa kicheko. Mganga Mkuu hakucheka. "Magari yote yananguruma. Hatuwezi kumchafulia mtu jina kwa sababu ya mngurumo. Sikio halipiti kichwa, mzee."

"Ni kweli. Na kichwa kisicho na sikio ni boga."

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja aliyestaafu ualimu, aligonga meza kwa kalamu. "Mzee Bomba, tueleze taratibu. Utajuaje gari kwa sauti?"

Alikuwa mtu wa kwanza katika miezi minane kumuuliza swali. Mzee Bomba akasimama, kofia mkononi.

"Mama, injini ina vyumba. Kila chumba kinachoma mafuta yake, halafu mlango unafunguka, moshi unatoka kwa nguvu, pu! Huo mlipuko ndio tunaousikia. Sasa hesabu vyumba. Vinne vinapokezana sawasawa, kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Vitatu, kuna pengo katikati, linachechemea. Sita vinatiririka. Vitano, huyu wa pili anafungua mlango kabla wa kwanza hajafunga wake, moshi unagongana njiani, basi gari linaimba kama mtu mwenye tonge mdomoni. Halafu kuna bomba lenyewe: refu, fupi, nene, jembamba, limezibwa kiasi gani. Kila moja linaipa ile sauti rangi yake."

"Aha! Bomba!" Mganga Mkuu akadakia, uso umemnawiri. "Mwenyekiti, mimi napendekeza tumpime. Magari matano nyuma ya ukuta wa chumba cha dobi, yanawashwa moja moja. Akikosa hata moja, faili lifungwe."

Mzee Bomba alimtazama. Mtu hapendekezi mtihani ila awe amekwisha kuyaona majibu.

"Yawashwe," akasema.

Wakatoka wote uani. Mashuka yalianikwa kwenye kamba, mengine yana mihuri ya kituo, mengine matundu. Benchi likawekwa, mzee akaketi akiutazama ukuta wa chumba cha dobi, shemeji kando yake amefunga mikono kifuani kama askari wa zamu. Nyuma ya ukuta alikuwako dereva wa kituo na funguo zake.

La kwanza likawaka. Mzee hakusubiri hata litulie. "Kigari cha karani wa mapokezi. Silinda tatu. Na mwambieni aangalie kiungo cha kati cha bomba, kinapumua moshi."

"Maskini mimi, kumbe hata yeye anajua kinavuja!" karani akasema, na wauguzi waliokuwa wamejazana mlangoni wakacheka.

La pili: pikapu ya kuleta dawa, silinda nne, dizeli. La tatu: lori la maji, sita. La nne lilipokoroma, mzee akatikisa kichwa.

"Hili ni la bwana mkubwa mwenyewe. Nane, nne huku na nne kule, kila upande una bomba lake. Upande mmoja unapiga mara mbili mfululizo mwenzake hajajibu. Ndiyo maana linakoroma kama mtu aliyelala kashiba."

Wauguzi waliziba midomo. Mganga Mkuu alitazama saa yake.

La tano likawaka, na Mzee Bomba akanyamaza.

Ilikuwa sauti nyororo, ya chini, ya gari ambalo hakupata kulisikia. Hapakuwa na ule mkwaruzo alioujua. Shemeji akamtupia jicho. Mganga Mkuu akaingiza mikono mifukoni.

"Vipi, mzee? Tufunge faili?"

Mzee Bomba akafumba macho. Akaacha kusikiliza sauti, akasikiliza mwendo. Maana mtu akishikwa na mafua sauti hubadilika, hata mama yake atamuuliza nani mwenzangu; lakini hatua zake kwenye korido ni zilezile. Akahesabu kwa kidole gotini. Pu, pu, pu, pu, pu. Yule wa pili akimkanyaga wa kwanza kisigino, lile tonge mdomoni. Na chini yake, kitu kingine, tss, tss, kama mtu ananong'ona kwa meno.

Akafumbua macho.

"Mmelivisha sailensa mpya ya kupunguza mlio," alisema. Hakupaza sauti. "Hili ni gari la wagonjwa. Mmekata bomba langu, nililolichomelea mimi kwa mikono yangu, mkaweka jipya ili nisilijue. Hivi mlidhani sauti inakaa kwenye bomba? Bomba ni mdomo! Ukimziba mtu mdomo utampunguzia mapigo ya moyo?"

"Anabahatisha," Mganga Mkuu alisema.

"Mtu anayebahatisha hataji hata sailensa," alijibu mwenyekiti, na akazunguka ukuta mwenyewe, miwani mkononi. Wote wakamfuata. Gari la wagonjwa lilikuwa linaunguruma pale, na chini yake bomba jipya linameta kama sufuria ya bibi harusi. Gari lenyewe limechakaa hadi rangi imetoka.

"Dereva, sailensa hii ilifungwa lini?"

Dereva alikuwa mtu wa makamo, mpole. Alitazama viatu vyake, akatazama vya Mganga Mkuu. "Jana, mama."

"Ile ya zamani ilikuwa mbovu?"

"Haikuwa mbovu, mama. Niliambiwa nibadilishe."

"Na siku ile injini ilikuwa haiwaki?"

Mganga Mkuu akafungua kinywa, lakini shemeji alikuwa amekwisha kumsogelea dereva. "Kaka, dada yangu alikuwa nyuma ya ukuta ule kwenye mkokoteni. Sema."

"Iliwaka," dereva akasema, na machozi yakamtoka palepale. "Nilipeleka vigae kule juu. Simu ilipopigwa nilikuwa napakia. Nilisema jamani kuna mgonjwa. Nikaambiwa vigae kwanza. Mzee, nisamehe, sikujua ni mama."

"Na kama angekuwa mama wa mwingine?" Mzee Bomba akamuuliza. Kisha akampa mgongo.

Walirudi ndani. Mwenyekiti akaandika barua mpya, akamsogezea Mzee Bomba. Kidole cha mzee kikatembea polepole: Kulitokea changamoto ya usafiri…

"Changamoto!" Akaisukuma karatasi hadi ikaanguka sakafuni. "Mama, wewe ulikuwa mwalimu. Mtoto akiiba daftari la mwenzake, ulikuwa unaandika changamoto?"

Mwenyekiti akawa mwekundu wa macho. Alichukua karatasi nyingine, akaandika mbele yake, na safari hii kidole kilifika mwisho bila kukwama: Gari lilikuwa zima. Lilikuwa linabeba vigae vya nyumba ya Mganga Mkuu. Mzee Bomba aliisoma mara mbili, akatia sahihi, yaani herufi mbili kubwa alizofundishwa na mkewe. Mganga Mkuu alisema ana kikao, akaondoka, na lile gari lake la silinda nane likasikika likikoroma hadi langoni.

Shemeji alimshika mkono. "Twende nyumbani."

Lakini mzee alikuwa ameelekea nyuma ya ukuta wa chumba cha dobi. Aliinama kando ya gari la wagonjwa, lililokuwa bado linaunguruma, akasikiliza, akamwita dereva.

"Njoo hapa. Unasikia huo mnong'ono? Nani alifunga hiki kiungo, wewe au mbuzi? Kiko chini ya kitanda cha mgonjwa. Moshi unapanda kupitia sakafu. Mtu atalala humo anatafuta pumzi, nanyi mnampa moshi!"

"Nilifanya harakaharaka, mzee."

"Haraka mnayo ya kuficha tu. Zima injini, lete jeki na spana. Na kitambaa, hili bomba lina moto."

"Shemeji!" mdogo wa marehemu alimaka. "Unawatengenezea? Hao?"

"Wao wana magari yao," alisema mzee, akiwa tayari amejilaza chali kwenye vumbi, shati la kikao na yote. Akaanza kulegeza nati, akiwatukana mmoja mmoja kwa vyeo vyao, kuanzia juu kushuka chini, wala hakumruka mtu. Dereva alishika bomba kwa kitambaa. Shemeji alisimama kidogo, akaguna, kisha akachuchumaa akamshikia kofia.

"Haya, kiungo kimekaza. Liwashe," mzee akasema kutoka chini.