Mwisho wa Filamu ya Kilambo

Bi Mwasiti alimwona Veronika katika soko la Chikongola, mjini Mtwara, amekaa nyuma ya mafungu ya makopa ya mihogo kana kwamba hajawahi kwenda popote. Akasimama katikati ya njia, watu wakimpita huku na huku. Wiki tano tu zilizopita Veronika huyu alikuwa amevuka Mto Ruvuma pale Kilambo, anarudi kwao Msumbiji baada ya miaka kumi ya ukimbizi. Mwasiti mwenyewe alikuwa ukingoni akimpungia mkono, na kamera ya kampuni yake ya filamu ilikuwa inazunguka.

"Dada Veronika! Ni wewe?"

"Ndimi, mama. Nimerudi."

Alisema hivyo taratibu, akasogeza kapu ili Mwasiti apate pa kukaa.

Kwa Mwasiti hili halikuwa jambo dogo. Alikuwa mwalimu kabla ya kuacha chaki na kuanzisha kampuni ya filamu pamoja na wenzake wawili: Muhidini, aliyekuwa akipiga picha za harusi na za vitambulisho hapohapo Chikongola, na Yohana, fundi wa redio kutoka Masasi, ambaye sauti na kukata filamu vilikuwa kazi yake. Walikuwa wakitengeneza filamu za mambo ya kweli tu: wakunga, wachemshaji chumvi, ugonjwa wa mikorosho. Walizionyesha shuleni na kwenye kumbi za vyama vya ushirika. Mwasiti ndiye aliyekuwa mkuu wao, lakini tangu siku ya kwanza walikubaliana kwamba hakuna filamu itakayotoka kama mmoja wao hajaridhika.

Sasa televisheni ya Unguja, changa bado, ilikuwa imekubali kuwapa nusu saa. Ilikuwa mara yao ya kwanza. Filamu waliyoandaa ilikuwa ya Veronika: alivyokimbia vita, alivyolima mihogo Mtwara, na uhuru ulipopatikana kwao, alivyofunga virago. Iliishia na mgongo wake ndani ya mtumbwi, ukififia kuelekea ng'ambo. Kila aliyeiona alifuta machozi. Ilitakiwa iondoke na ndege ya Ijumaa, na siku ile ilikuwa Jumatatu.

"Kulikuwaje huko?" Mwasiti aliuliza.

"Nilifika. Kijiji chetu hakipo, pameota msitu. Shangazi nilimkuta kijiji kingine, akaniuliza mimi mtoto wa nani. Ni watu wema, walinipa chakula na mahali pa kulala. Lakini nilikuwa mgeni wao." Veronika alipangusa unga wa mihogo mikononi. "Na huku kuna shamba langu. Kuna kaburi la mwanangu pale Chuno. Nikasema, nirudi."

"Mbona hukuja kutuambia?"

"Niliona haya, mama. Siku ile mlifurahi sana."

Mwasiti alitembea hadi Chuno, kwenye chumba cha uani kwa Muhidini ambacho ndicho kilikuwa ofisi yao. Akawasimulia wenzake yote bila kupunguza neno.

Yohana ndiye aliyejibu kwanza. "Lakini Bi Mwasiti, hatukusema uongo. Alivuka. Kila kilichomo kilitokea mbele ya macho yetu."

"Mtazamaji ataamini yuko kwao, ametulia."

"Mtazamaji ataamini watu wanarudi kwao, na wanarudi kweli, maelfu kwa maelfu. Kwa sababu ya mmoja aliyegeuka, tuwafanye wote waonekane wamepotea njia? Huo nao si uongo?"

Mwasiti alimheshimu Yohana kwa sababu hakuwa mtu wa kubisha ili ashinde. Akamgeukia Muhidini, ambaye muda wote alikuwa akifuta kioo cha kamera kilichokwisha kung'aa.

"Kuna kipande," Muhidini alisema hatimaye. "Baada ya ule mgongo. Aligeuka, akatutazama. Unakikumbuka, dada?"

Mwasiti alikikumbuka. Alikumbuka pia nani aliyesema kikatwe. Ni yeye mwenyewe: alikuwa amesimama nyuma ya Yohana kwenye meza ya kuungia filamu, akasema, "Kata hapo, uso huo unaharibu." Na Yohana alikuwa amekata.

Walipekua mfuko wa mabaki mpaka wakakipata, wakakipitisha kwenye mashine. Zilikuwa sekunde kumi na moja. Veronika aligeuza shingo, akautazama ukingo wa Tanzania kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na hakumbuki ni nini. Wala hakupunga mkono.

"Nilimwona," Mwasiti alisema. "Nilimwona nikakataa kumwona. Kosa ni langu."

Yohana akachukua mashine yake ya kunasia sauti. "Sijakubali bado. Nataka nimsikie mwenyewe."

Alirudi alasiri, akaketi bila kuvua kofia. "Nimemuuliza swali moja tu," alisema. "Amezungumza dakika nne, sijamkatiza." Akaanza kufungua mkebe wa filamu ili waiunge upya.

Kwa kuwa picha mpya zingelazimika kupelekwa mbali kusafishwa, waliamua kutumia walichokuwa nacho. Walirudisha zile sekunde kumi na moja, kisha wakaweka mto mtupu, maji tu na mikoko, na sauti ya Veronika juu yake ikieleza kwa nini alirudi na kwa nini jirani zake wengine walibaki ng'ambo na wameridhika. Hilo la jirani lilikuwa sharti la Yohana, na Mwasiti aliona ana haki.

Ndege ya Ijumaa iliondoka bila filamu yao. Unguja wakaonyesha kitu kingine, na nusu saa yao ikaja kupatikana miezi miwili baadaye, bila tangazo. Mawimbi ya televisheni yenyewe hayakufika Mtwara, kwa hiyo hawakujua ni nani aliyeitazama, wala kama kuna aliyelia.

Wao waliionyesha kivyao, mchana, kwenye ghala tupu, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Veronika alikaa mbele. Sauti yake ilipoanza juu ya maji, aliinamisha kichwa akaisikiliza mpaka mwisho.

"Ile kanga niliyojifunga mle kwenye filamu," alisema blanketi la kwanza lilipoondolewa, "nilimwachia shangazi. Nimemwahidi mwakani nitakwenda kumtazama."

Muhidini akachangamka. "Tukufuate na kamera?"

Veronika alifikiri, akamtazama Mwasiti badala ya Muhidini.

"Safari hiyo nataka kwenda peke yangu, mama."

"Sawa, dada," Mwasiti alisema, akaenda kumsaidia Yohana kukunja mablanketi.